Utando wa lipidi katika kichupa cha pili

Mwaka 2007 watoto wa miezi 5 hadi 17 walianza kuchanjwa Korogwe, Tanzania, na wenzao Kilifi, Kenya, katika jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Kwa pamoja walikuwa 894. Baadhi yao walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa ili kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa Desemba 2008 yalionyesha kinga ya asilimia 53. Kwa tambarare za Korogwe na Handeni, ambako malaria imezika watoto wengi, hiyo ilikuwa habari kubwa.

Chanjo hiyo huja katika vichupa viwili. Kimoja kina unga, kingine kimiminika, na mhudumu huvichanganya kabla ya kuchoma sindano. Utando wa lipidi umo katika kile kimiminika.

Lipidi ni jina la jumla la mafuta, nta, kolesteroli na jamaa zao. Zile zinazojenga utando zina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikitiwa majini hujipanga zenyewe tabaka mbili, mikia ndani, vichwa nje, kwa unene wa nanomita 5 hivi. Ukingo ukibaki wazi mikia hulowa, kwa hiyo utando hujikunja ukawa kifuko. Kifuko hicho huitwa liposomu. Alec Bangham na wenzake walikitambua mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Babraham, Uingereza.

Wapo wanaosema kiwambo. Mimi nashika utando. Kiwambo huwambwa kikakazwa, kama ngozi ya ngoma. Huu wetu hutanda wenyewe, molekuli zake huteleza moja pembeni mwa nyingine, na ukitoboka tundu dogo hujiziba. Tabia hiyo ndiyo inayowavutia watengenezaji wa chanjo. Wakibadilisha mikia, utando hulegea au kukaza. Wakiongeza kolesteroli, hauvuji ovyo.

Kolesteroli hiyo ina kazi nyingine ninayoistaajabia. Kichocheo cha kinga cha RTS,S, kiitwacho AS01, ambacho ndicho kile kimiminika, kina QS-21, dondoo la gome la mti wa Chile, Quillaja saponaria. Dondoo hilo likiwa peke yake hung'ang'ania kolesteroli ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Ndipo wataalamu wakaiweka kolesteroli ndani ya liposomu yenyewe. QS-21 hunasa humo, ukali wake kwa damu hutulia, na uwezo wake wa kuamsha kinga hubaki.

Korogwe ilishiriki tena, pamoja na Bagamoyo, katika jaribio kubwa la vituo 11 vya nchi 7 za Afrika lililoanza 2009. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike.

Mzazi wa Handeni au Korogwe anayeombwa ridhaa mtoto wake achanjwe ana haki ya kuambiwa haya kwa Kiswahili chepesi: kichupa cha pili kina vifuko vya utando wa lipidi vilivyobeba dondoo la gome, vimewekwa humo kuiamsha kinga ya mtoto, na mtoto anaweza kupata homa baada ya sindano.