Samaki Anayezaa, Chura Anayezaa

“Samaki hazai, mwanangu. Samaki anataga.”

Mama mwenye nyumba alisema hivyo akiwa mlangoni mwa chumba changu, Kihonda, ndoo tupu mkononi. Nilikuwa nimemwita aje amwone gapi wangu, samaki wa mapambo asiyezidi urefu wa kidole gumba, ambaye tumbo lake lilikuwa limejaa hadi likawa na pembe kama boksi. Nikamwonyesha doa jeusi karibu na mkia, nikalimulika kwa tochi ya simu. Ndani ya doa kulikuwa na vitone vidogo, vyeusi zaidi, viwili viwili. Macho ya watoto.

Akanyamaza kidogo. “Haya,” akasema. “Basi huyu ni mjamzito. Usimsumbue.”

Laiti ningeupata ushauri huo mapema. Gapi wangu wa kwanza nilimuua kwa usafi. Siku niliyoona tumbo lake limejaa, nilimwaga maji yote ya tangi, nikasugua vioo, nikajaza maji mapya moja kwa moja kutoka bombani. Maji ya bomba hutiwa klorini ili sisi tusiugue. Klorini hiyohiyo huunguza matamvua ya samaki. Asubuhi nilimkuta anaelea ubavu. Sijui nilitafuta nini, lakini nilichukua wembe nikampasua. Walikuwemo, wamejikunja, kila mmoja na macho yake.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na watu wa fani yangu tukikosea tunakimbilia kusoma. Nilianza na mambo ya matunzo. Gapi hubeba mimba kwa wiki tatu hadi nne. Mayai yake hurutubishwa na kuanguliwa ndani ya mwili, kisha hutoka samaki kamili wanaojua kuogelea na kujificha tangu dakika ya kwanza. Wanahitaji kujificha, kwa sababu mama yao huwala. Ndiyo maana mfugaji huweka majani mengi tangini. Maji yabadilishwe robo tu kwa mara moja, na yawe yamekaa ndooni siku nzima ili klorini ipungue. Zaidi ya hapo, kazi kubwa ni kutomhamishahamisha.

Kisha nikafika kwenye jina. Jina la kisayansi la gapi, Poecilia reticulata, lilitolewa mwaka 1859 na Mjerumani Wilhelm Peters, kwa samaki waliofikishwa Berlin kutoka Mto Guaire, Caracas, nchini Venezuela. Jina la Peters nilikuwa nalijua. Miaka ya 1840 alizunguka Msumbiji, akapita Zanzibar na Komoro, akikusanya nyoka, samaki, vyura na mimea. Baadaye akawa mkuu wa makumbusho ya wanyama ya Berlin. Mwaka 1866 Albert Günther wa London, bila kujua kwamba samaki huyo tayari ana jina, alimpa jingine la kumheshimu Robert John Lechmere Guppy, mkazi wa Trinidad aliyewapeleka samaki hao Uingereza. Kwa kanuni za wanasayansi jina la kwanza ndilo lililosimama. Lile la Guppy likabaki midomoni mwa wafugaji na wauzaji, na likatufikia sisi likiwa “gapi”.

Makumbusho hayohayo ya Berlin yalinirudisha nyumbani. Mwaka 1905, miaka ishirini na ushee baada ya Peters kufariki, Gustav Tornier alichunguza vyura waliohifadhiwa katika pombe kali, walioletwa kutoka milima ya koloni lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alipowafungua majike hakukuta mayai ya kutagwa. Alikuta watoto. Akamwita mmoja wao vivipara, yaani anayezaa, na kichwa cha makala yake kilitangaza wazi kwamba ni chura anayezaa watoto hai. Mwaka 1926 Mmarekani G. K. Noble aliwawekea vyura hawa jenasi yao, Nectophrynoides. Jenasi hiyo yote ni ya Tanzania, na Milima ya Uluguru ni mojawapo ya ngome zake. Mwaka 2004 pekee zilielezwa spishi mbili mpya kutoka Uluguru.

Kwa hiyo mama mwenye nyumba alikuwa nusu tu ya ukweli. Kuku hutaga, mbuzi huzaa, na samaki na chura tumewaweka upande wa kuku. Chura wa kawaida hutaga majini, mayai yakawa viluwiluwi, viluwiluwi wakaota miguu. Lakini kule juu, Uluguru inakopanda kupita mita 2,600 na mteremko haukubali dimbwi kutuama, kuna chura aliyeamua kubeba dimbwi lake tumboni. Watoto wake hutoka wakiwa vyura tayari, juu ya majani yenye unyevu.

Nilitoka nje nikaitazama milima. Nimekulia chini yake na sikuwahi kuambiwa habari hii. Niliisoma kwa mara ya kwanza kwa sababu ya samaki wa Venezuela. Na jambo moja lilinikera. Majike wale wa Tornier walijulikana kuwa wana mimba kwa sababu walikuwa wamekufa na mtu alikuwa na kisu. Hata mimi nilijua hivyo hivyo, kwa wembe.

Gapi na vyura wetu wana kipawa kimoja, lakini kimewapeleka njia mbili tofauti kabisa. Gapi jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa. Jike mmoja peke yake, akimwagwa mtoni na maji ya tangi, anaweza kuanzisha kizazi kizima bila dume yeyote kuwepo. Uluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama, habari hiyo haihitaji maelezo mengi. Binadamu walimsaidia pia: walimpeleka nchi nyingi za joto, zikiwemo Kenya na Uganda, ili ale viluwiluwi vya mbu. Leo yupo karibu kila bara, na mahali pengine amekuwa kero kwa samaki wenyeji.

Chura anayezaa hana bahati hiyo. Mimba yake imefungwa kwenye mahali pake. Ushahidi mkubwa hautoki Uluguru bali kwa ndugu zake wa Udzungwa, kusini zaidi, kwenye maporomoko ya Kihansi.

Vyura wa Kihansi tunawajua wote, angalau kwa utani. Nilipokuwa mdogo, umeme ukikatika mjomba wangu alisema, “Mmeona? Nchi iko gizani, watu wanahangaikia chura.” Niliucheka utani huo miaka mingi kabla ya kujua kisa chenyewe. Chura huyo mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi sentimita tatu, aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa bwawa la umeme la megawati 180 tayari unaendelea. Mwaka 1999 akapata jina la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, yaani wa manyunyu. Aliishi kwenye eneo la hekta chache tu, pale ambapo maporomoko yalipiga mawe na kurusha manyunyu mchana na usiku. Mwaka 2000 zaidi ya asilimia 90 ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mitambo. Manyunyu yakakatika.

Mwishoni mwa mwaka huo walikamatwa vyura 499 wakapelekwa New York, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na baadaye wengine wakagawanywa kwa bustani nyingine za Marekani. Hapo ndipo niliposimama katika kusoma, kwa sababu nilikiona chumba changu. Watu wazima, wenye elimu zao, wakiwa mbele ya vioo, wakimwangalia mama mwenye mimba na hawajui anataka nini. Walilazimika kujifunza maji yawe safi kiasi gani, manyunyu yaje mara ngapi, taa iwe ya namna gani, na wadudu wa kulisha mtoto wa milimita tano wapatikane wapi. Wengi walikufa. Ndani ya miaka michache walibaki chini ya mia moja. Ni Bronx na Toledo ndizo zilizofaulu, na idadi ikaanza kupanda.

Huku nyumbani vilifungwa vinyunyizio vya kuiga maporomoko, na kwa muda vyura walionekana kupata nafuu. Mwaka 2003 idadi yao iliporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu unaoua vyura duniani kote ukakutwa kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni Kihansi, chini ya manyunyu ya mabomba.

Mjomba alikuwa na hoja. Umeme ni wodi ya wazazi yenye taa. Sitaki kuandika kana kwamba chura ana haki kuliko mama anayejifungua gizani. Lakini alikosea kudhani ugomvi ulikuwa kati ya chura na umeme. Ulikuwa juu ya maji ya mto mmoja, na nani anakumbukwa yanapogawanywa. Chura alikumbukwa amechelewa, baada ya zege kumwagwa. Kumtunza baada ya hapo kukawa kazi ya kioo, ndege na mabomba, kazi ambayo maporomoko yalikuwa yakiifanya bure.

Uluguru pia hugawa maji. Ngerengere na Mgeta hutoka huko, huingia Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Misitu ya juu, ambayo tangu 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia, ndiyo inayokamata ukungu na kuutoa kidogo kidogo. Ndoo niliyokuwa nimeiacha wazi kando ya tangi, ikisubiri klorini ipungue, ilikuwa na maji ya milima ileile ambamo vyura wanaendelea kubeba mimba zao chini ya majani.

Gapi alijifungua usiku wa Jumanne. Sikumwona. Asubuhi tumbo lilikuwa limenywea, na katikati ya majani kulikuwa na vijipande vya kioo vyenye macho. Nilihesabu 19, nikahesabu tena nikapata 22. Nikampigia hodi mama mwenye nyumba.

Aliinama mbele ya tangi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

“Na baba yao?”

“Hayupo. Nilimnunua jike peke yake.”

“Basi ni wa mama,” akasema, kama Mluguru anavyoweza kusema, akaokota ndoo yangu. “Nikutekee mengine? Haya yaache yakae.”