Paka mwenye kisukari akisusa chakula: mambo ya kujua na ya kufanya

Wapo wanaoshangaa wakisikia kwamba paka naye huugua kisukari. Huugua, na kwa paka wengi ugonjwa huo unafanana na kisukari cha aina ya pili kinachowapata binadamu. Akitunzwa vizuri, paka wa namna hiyo anaweza kuishi miaka mingi akiwa na afya nzuri.

Tatizo huja siku anapokataa kula. Paka akisusa chakula, nyumbani husemwa, "Mwache, njaa ikimuuma atakula." Kwa paka mwenye kisukari maneno hayo ni ya hatari. Makala hii inaeleza kwa nini, na inajibu swali linalomsumbua kila anayemchoma paka wake insulini: asipokula, sindano nimchome au nimwache?

Kisukari cha paka kwa ufupi

Kongosho hutengeneza insulini, homoni inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli za mwili ili itumike kama nguvu. Kwa paka wengi wenye kisukari, mwili hauitikii insulini ipasavyo, na baadaye kongosho huchoka.

Walio katika hatari zaidi ni paka wanene, wenye umri mkubwa, madume waliohasiwa, wanaoshinda ndani bila kucheza, na waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Dalili zake hazifichiki sana. Paka hunywa maji mengi, hukojoa sana, na hukonda ingawa anakula. Wengine hudhoofika miguu ya nyuma wakawa wanatembea kwa kukanyagia visigino. Mkojo huongezeka kwa sababu sukari ya damu ikipita takriban milimoli 14 hadi 16 kwa lita, figo hushindwa kuizuia. Sukari hiyo huingia kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo.

Tiba ya kawaida ni sindano ya insulini mara 2 kwa siku, kila baada ya saa 12, pamoja na chakula chenye protini nyingi na wanga kidogo. Wapo paka ambao, wakitibiwa mapema, sukari yao hutulia hadi daktari akasimamisha insulini.

Kwa nini kususa chakula ni dharura

Paka mwenye kisukari asiyekula hukabiliwa na hatari tatu kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni ketoni. Seli zikikosa sukari, mwili huanza kuchoma mafuta, na mabaki yake ni kemikali ziitwazo ketoni. Zikizidi, damu hugeuka kuwa na asidi. Paka hutapika, huishiwa maji mwilini, hulegea na kupumua kwa kasi. Pumzi yake inaweza kunuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Hali hii huua, tena haraka.

Ya pili ni ini kujaa mafuta. Mwili wa paka haukuumbwa kukaa na njaa. Asipokula kwa siku chache, hasa akiwa mnene, mafuta hukimbilia kwenye ini kuliko linavyoweza kuyashughulikia. Ufizi, weupe wa macho na ngozi ya ndani ya masikio hugeuka manjano.

Ya tatu ni sukari kushuka kupita kiasi. Insulini ikiingia mwilini wakati tumbo ni tupu, huishusha sukari iliyopo bila nyingine kuja kuchukua nafasi yake.

Kwa nini amesusa?

Mara nyingi kususa ni dalili ya tatizo jingine. Sababu za kawaida ni kuvimba kwa kongosho, maambukizi ya njia ya mkojo, ugonjwa wa figo, meno na ufizi kuuma, kichefuchefu, au ketoni zenyewe. Wakati mwingine ni jambo dogo kama kubadilishiwa chakula ghafla, mgeni au paka mpya nyumbani, au kelele za ujenzi. Hata kama unadhani ni jambo dogo, muda wa kusubiri ni mfupi. Akikataa mlo mmoja, mwangalie kwa karibu. Zikifika saa 24 bila kula, lazima aonwe na daktari wa mifugo, hata kama anaonekana mchangamfu.

Sindano: nimchome au nisimchome?

Hapa pana mitego miwili. Ukimchoma dozi kamili naye hajala, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Ukiacha insulini kabisa kwa siku kadhaa, unazifungulia mlango ketoni. Fuata utaratibu huu.

Kwanza, mpe chakula kabla ya sindano. Ukiona amekula ndipo uvute dawa.

Pili, kama una kipimo cha sukari, kitumie. Tone la damu hupatikana kwa kudunga pembezoni mwa sikio. Kumbuka kwamba vipimo vya binadamu mara nyingi husoma chini ya hali halisi ya paka, kwa hiyo mwambie daktari unatumia kipimo gani.

Tatu, mpigie daktari kabla ya kuchoma. Madaktari wengi hupunguza dozi, mara nyingi ikawa nusu, lakini uamuzi hutegemea kiwango cha sukari, aina ya insulini na kiasi alichokula.

Nne, kama huna kipimo na daktari hapatikani, kukosa sindano moja ni hatari ndogo kuliko kumpa dozi kamili paka mwenye tumbo tupu. Hiyo ni sindano moja tu, ya kukuvusha hadi umpate daktari.

Tano, usifidie. Sindano iliyokosekana asubuhi haiongezwi kwenye ya jioni.

Wapo pia paka wanaotumia dawa ya kumeza badala ya insulini, kama bexagliflozin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022. Kwa hao, kususa chakula ni sababu ya kutompa dozi inayofuata na kwenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Dawa hizo zinaweza kuacha ketoni zipande huku kipimo cha sukari kikionyesha hali ya kawaida.

Sukari ikishuka

Paka huyumba, hutetemeka, hulia ovyo, hulegea, na mwisho hupata degedege au kuzimia. Kipimo chini ya takriban milimoli 3.3 kwa lita, yaani miligramu 60 kwa desilita, ni cha hatari.

Mpake asali au maji mazito ya glukosi kwenye ufizi kwa kidole. Usimmiminie kooni, maana anaweza kupaliwa. Akiwa na degedege, usitie kidole katikati ya meno. Paka ufizi wa nje tu. Akizinduka na kuweza kumeza, mpe chakula. Kisha mpeleke kliniki hata kama ameonekana kupona, kwa sababu insulini bado inafanya kazi mwilini na sukari inaweza kushuka tena.

Kumshawishi ale

Paka hula kwa pua kwanza. Pasha chakula kiwe vuguvugu, kisizidi joto la mwili, ili harufu ipande. Jaribu chakula laini cha paka, kuku wa kuchemsha aliyechambuliwa, samaki wa kuchemsha asiye na miba, au supu yake. Usitie chumvi, vitunguu maji wala vitunguu saumu. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za paka.

Weka kidogo kwenye sahani bapa, mahali tulivu, mbali na sanduku lake la choo. Mwachie dakika 20, kisha ondoa ujaribu tena baadaye. Siku hiyo usishikilie mno masharti ya chakula cha kisukari. Chakula chochote salama anachokubali ni bora kuliko kile sahihi anachokikataa.

Usimkamate na kumsukumia chakula mdomoni. Anaweza kupaliwa kikaingia mapafuni, au akakichukia chakula hicho moja kwa moja. Usimpe dawa za binadamu kwa kubahatisha. Paracetamol, hata kidogo, inaweza kumuua paka.

Wakati wa kutosubiri

Mpeleke mara moja, bila kungoja saa 24, ukiona lolote kati ya haya: anatapika, anapumua kwa kasi, hawezi kusimama vizuri, pumzi yake inanuka kitu cha ajabu, ufizi umegeuka manjano, hanywi maji, au vijiti vya kupimia mkojo vimeonyesha ketoni. Vijiti hivyo huuzwa kwenye maduka ya dawa za binadamu.

Kliniki watapima damu na mkojo, watamwekea dripu, watarekebisha chumvi za mwili kama potasiamu, na watampa dawa ya kichefuchefu. Akiendelea kukataa, daktari anaweza kupendekeza mpira mwembamba wa kulishia unaopita shingoni. Unatisha kuutazama, lakini paka wengi huuvumilia na mwenyewe humlisha nyumbani hadi ini litakapopona. Uliza gharama mapema na uliza uwezekano wa kupona ni upi. Daktari mzuri atakujibu waziwazi, hata pale ambapo kumpumzisha ndiyo huruma iliyobaki.

Kwa Afrika Mashariki, kliniki za paka na mbwa ziko zaidi katika miji mikubwa. Hospitali za mafunzo, kama ya Chuo Kikuu cha Sokoine mjini Morogoro na ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, pia hupokea wanyama. Aliye mbali aanze na afisa mifugo wa eneo lake, naye aweze kuzungumza na daktari kwa simu.

Tahadhari kuhusu insulini yenyewe

Usimchome paka insulini ya babu au bibi mwenye kisukari pale nyumbani. Aina na dozi ni tofauti. Insulini nyingi za binadamu zina uniti 100 kwa kila mililita, na baadhi ya zile za wanyama zina uniti 40, na kila moja ina sirinji yake. Ukizichanganya, dozi inaweza kuzidi au kupungua mara mbili na nusu.

Dawa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Umeme ukikatika siku nzima, iweke kwenye chupa ya chai yenye barafu, ukiwa umeizungushia kitambaa ili isigusane na barafu. Insulini iliyopigwa na joto au iliyoganda haifai tena, na paka anaweza kuugua huku ukidhani unamtibu.

Andaa mpango mapema

Muulize daktari maswali haya wakati paka bado anakula: asipokula nimchome uniti ngapi? Sukari ikiwa ngapi nisimchome kabisa? Usiku nimpigie nani? Andika majibu kwenye karatasi, ibandike mlangoni mwa friji, na umwonyeshe kila anayebaki na paka ukisafiri. Pembeni weka daftari la milo, dozi na vipimo vya kila siku. Ukifika kliniki saa sita za usiku, daftari hilo ndilo la kwanza kumpa daktari.