Titaniamu na Mafundi Wake: Historia ya Fremu ya Baiskeli, 1956–2022

Baiskeli ya titaniamu husifiwa kwa mambo matatu na kila anayeiuza: haishiki kutu, ni nyepesi kuliko ya chuma cha pua, na fremu yake hudumu miaka mingi bila kuchoka. Sifa hizo ni za kweli, lakini hazikuzaliwa na metali yenyewe. Fremu za kwanza zilizouzwa kwa umma katika miaka ya 1970 zilinesa na nyingine zikapasuka, na ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya karakana chache za Marekani kumpa mnunuzi chombo kinachofanana na sifa zake. Kwa hiyo historia ya baiskeli hii haiwezi kueleweka kama historia ya metali bora iliyogunduliwa ikatumika. Ni historia ya mafundi waliojifunza, kwa kushindwa kwanza, namna ya kuchagua bomba na namna ya kuliunga.

Titaniamu yenyewe si adimu ardhini. Mwaka 1791 William Gregor, kasisi wa Cornwall nchini Uingereza, aliichunguza katika mchanga mweusi wa eneo lake, na miaka minne baadaye mkemia Mjerumani Martin Heinrich Klaproth akaipa jina linalotumika hadi leo. Mchanga wa aina hiyo, wenye madini ya ilmenaiti na rutaili, upo pia katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko Kwale, kusini mwa Mombasa, kampuni ya Base Titanium iliuchimba na kuusafirisha kupitia gati lake la Likoni kuanzia mwaka 2014 hadi uchimbaji ulipofikia tamati Desemba 2024. Wakazi wengi wa Kwale na Mombasa walizoea kusikia jina la metali hiyo bila kuiona, na sababu yake inahusu moja kwa moja bei ya baiskeli: sehemu kubwa kabisa ya madini ya titaniamu duniani haigeuzwi kuwa metali, bali hugeuzwa kuwa unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Kupata unga huo ni kazi nyepesi ikilinganishwa na kupata metali.

Ugumu uko katika tabia ya titaniamu ya kushikamana na oksijeni. Madini ya chuma huweza kuyeyushwa pamoja na kaboni ndani ya tanuri la wazi, lakini titaniamu ikitendewa hivyo huharibika. Njia inayotumika viwandani ilibuniwa na William Kroll wa Luxembourg katika miaka ya 1930, naye akaikamilisha baada ya kuhamia Marekani mwaka 1940. Kwa njia hiyo madini huunganishwa kwanza na gesi ya klorini hadi yawe kimiminika, kisha kimiminika hicho huingizwa ndani ya chombo kilichofungwa, chenye magnesiamu iliyoyeyuka na kisicho na hewa, na kinachobaki ni bonge lenye vitundu mithili ya sifongo, ambalo hulazimika kuyeyushwa tena katika ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa yote. Kampuni ya DuPont ilianza kuizalisha kwa ajili ya biashara mwaka 1948. Kila hatua huchukua muda na hutumia nishati nyingi, na ndiyo maana metali iliyojaa katika mchanga wa pwani iligeuka kuwa bidhaa ya serikali zenye majeshi makubwa.

Serikali hizo zilikuwa hasa mbili. Marekani iliihitaji kwa ndege, na mfano unaotajwa zaidi ni ndege za upelelezi za Lockheed, A-12 na ndugu yake SR-71, zilizoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1962 na 1964, ambazo sehemu kubwa ya miili yao ilikuwa titaniamu. Baadhi ya metali hiyo ilinunuliwa kupitia watu wa kati kutoka Umoja wa Kisovieti, yaani kutoka kwa adui aliyekuwa akipelelezwa. Wasovieti nao waliitumia hata kujengea nyambizi nzima. Katika mazingira hayo baiskeli haikuwa na nafasi, isipokuwa kama maonyesho ya ustadi: mwaka 1956 kampuni ya Phillips ya Uingereza ilionyesha fremu ya titaniamu, nayo haikufika madukani kama bidhaa ya kawaida.

Waliothubutu kuiuza walikuja katika miaka ya 1970. Kampuni ya Speedwell ya Birmingham, iliyokuwa na uzoefu wa kutengeneza vipuri vya metali, ilitoa fremu iliyoitwa Titalite, na Mhispania Luis Ocaña, aliyeshinda Tour de France mwaka 1973, alipanda fremu ya titaniamu ya kampuni hiyo katika baadhi ya hatua za mashindano hayo. Nchini Marekani kampuni ya Teledyne, yenye mizizi katika viwanda vya ndege, ilitoa baiskeli yake ya Titan kati ya miaka ya 1974 na 1976 hivi. Kwa wapenzi wa mbio wa wakati ule, fremu hizi zilikuwa kitu cha kuotea: zilikuwa nyepesi kupita chochote kilichokuwa sokoni, na rangi yake ya kijivu, isiyopakwa kitu, ilizitofautisha na baiskeli nyingine zote.

Makosa yake yalikuwa mawili, na ni muhimu kuyatenganisha. La kwanza lilihusu ukakamavu, yaani uwezo wa kitu kukataa kupinda kinaposukumwa. Titaniamu ina uzito wa gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati chuma cha pua kina gramu 7.8 hivi, lakini ukakamavu wake nao ni karibu nusu tu ya ule wa chuma. Fundi akitengeneza fremu ya titaniamu kwa mabomba yenye vipimo vya fremu ya chuma, mpandaji mwenye nguvu ataikuta inanesa anapokanyaga pedeli kwa kishindo. Dawa yake iko katika kipenyo: bomba lenye ukuta wa unene uleule, likiongezwa kipenyo mara mbili, hukakamaa takriban mara nane. Teledyne walilijua hili na wakanenepesha mabomba yao, ila kosa la pili liliwashinda. Walitumia titaniamu isiyochanganywa na metali nyingine, ambayo ni laini zaidi, na baada ya muda nyufa zilianza kuonekana katika baadhi ya fremu na uma. Sifa mbaya iliyotokana na nyufa hizo iliifuata metali yenyewe kwa miaka mingi, ingawa kosa lilikuwa la uteuzi wa aina ya bomba.

Bomba lililofaa lilikuwepo tayari, limefichika ndani ya ndege. Mifumo ya haidroli, yaani ile inayotumia mafuta yenye shinikizo kusukuma magurudumu na mabawa ya ndege, ilihitaji mabomba mepesi yenye kuta nyembamba yanayostahimili mtikisiko usiokoma, na kwa kazi hiyo viwanda vilikuwa vimeunda aloi, yaani mchanganyiko wa metali, yenye aluminiamu asilimia 3 na vanadiamu asilimia 2.5. Aloi hiyo ina nguvu zaidi kuliko titaniamu tupu, na bado ni laini kiasi cha kuvutwa kuwa bomba lisilo na mshono. Ipo nyingine yenye nguvu zaidi, ya aluminiamu asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4, lakini ukaidi wake katika kuvutwa umeifanya itumike zaidi kwa vipande vidogo vya fremu kama vile vishikio vya ekseli za magurudumu.

Mwaka 1986 ndio mwaka ambao historia hii hubadilika, na hubadilika mahali pawili kwa wakati mmoja. Katika jimbo la Massachusetts, Gwyn Jones, Gary Helfrich na Mike Augspurger walianzisha Merlin Metalworks, karakana iliyochukua aloi ya mabomba ya ndege na kuitengenezea fremu za baiskeli za milimani, na baadaye za barabarani. Katika jimbo la Tennessee, familia ya Lynskey, iliyokuwa na karakana ya kutengeneza vifaa vya viwandani na iliyokwishaizoea titaniamu katika kazi hiyo, ilianza kuuza fremu kwa jina la Litespeed. Hawa hawakuwa matajiri wa viwanda wala wahandisi wa majeshi. Walikuwa watu wa karakana, na jambo kubwa walilolileta ni nidhamu ya kuunga.

Nidhamu hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayofanya fremu moja idumu na nyingine isidumu. Titaniamu ikipashwa moto kupita nyuzi 430 za sentigredi hivi huanza kunywa oksijeni na naitrojeni ya hewani, na ikishanywa hukauka na kuwa kama kigae, ikapasuka baadaye bila dalili. Kwa hiyo fundi husafisha ncha za mabomba kwa uangalifu mkubwa na huzishika kwa glavu safi, kwa sababu hata mafuta ya kidole yanatosha kuchafua kiungo. Baada ya hapo hujaza gesi ya argoni ndani ya mabomba yenyewe hadi hewa yote itoke, kisha huchomelea kwa moto wa umeme unaotoka katika ncha ya tangsteni, huku argoni nyingine ikimwagika juu ya mshono kutoka kwenye bunduki ya kuchomelea. Hawezi kuiondoa bunduki mara moto unapozima. Huiacha palepale, gesi ikiendelea kutoka, mpaka kiungo kipoe. Baadhi ya karakana hupitisha moto mara mbili, kwanza bila kuongeza metali, halafu kwa kuongeza kijiti cha metali ili mshono unenepe. Matokeo husomeka kwa macho: mshono wa fedha ing'aayo umekingwa vyema, rangi ya majani makavu huonyesha hewa kidogo imepenya, na rangi ya buluu au kijivu chenye unga ni hukumu ya kutupa kazi yote. Rangi ya kupaka ingeweza kuficha hukumu hiyo. Fremu hizi ziliuzwa zikiwa wazi, mishono yake ikionekana, na huo ulikuwa uungwana wa kibiashara ambao baiskeli chache zimewahi kuwa nao.

Miaka ya 1990 ilikuwa kilele. Vita Baridi vilipokwisha, viwanda vya silaha vya Marekani vilipunguza ununuzi na titaniamu ya Urusi ikafunguliwa kwa soko la dunia. Moots wa Steamboat Springs, Colorado, waliingia katika titaniamu mwaka 1991. Colnago wa Italia wakatoa Bititan, fremu yenye mabomba mawili ya chini yanayokwenda sambamba. Na Litespeed wakawa wanatengeneza fremu ambazo waendeshaji wa mbio kubwa walizipanda zikiwa zimeandikwa majina ya kampuni nyingine.

Kuondoka kwa titaniamu katika mbio kulikuwa kwa haraka. Nyuzi za kaboni, ambazo Trek ya Marekani ilianza kuzitumia kwa fremu za OCLV mwaka 1992, ziliweza kufinyangwa katika umbo lolote na kukakamazwa mahali palipohitajika tu. Kuanzia mwaka 2000 chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli kiliweka uzito wa chini wa kilo 6.8 kwa baiskeli ya mashindano, na kaboni ikaufikia uzito huo kwa urahisi. Timu ya Lotto ya Ubelgiji ilishindana kwa Litespeed mwaka 2002, lakini zama zilikuwa zimekwisha.

Hapo ndipo umiliki wa baiskeli ya titaniamu ulipobadilika sura. Mnunuzi mpya hakuwa mshindani anayebadilisha baiskeli kila msimu, bali mtu anayetaka kununua mara moja. Seven Cycles, iliyoanzishwa Massachusetts mwaka 1997 na Rob Vandermark aliyetoka Merlin, iliijenga biashara yake juu ya desturi inayofanana na ya fundi cherehani: mteja hupimwa mwili, huulizwa anavyopanda, husubiri, kisha hupewa fremu iliyokatwa kwa ajili yake. Desturi hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja ambao wauzaji hawakuusema kwa sauti. Fremu iliahidiwa kudumu maisha yote, ila dhamana yake kwa kawaida ilimhusu mmiliki wa kwanza peke yake, na kampuni hazikudumu kama fremu. Familia ya Lynskey iliiuza Litespeed. Merlin nayo iliuzwa na kuishia chini ya wamiliki haohao wapya huko Tennessee. Na Walynskey wakarudi kazini mwaka 2006 kwa jina lao wenyewe.

Bei ilishuka pale China ilipoingia, hasa karakana za mkoa wa Shaanxi, ambako mji wa Baoji ni kitovu cha viwanda vya titaniamu vya nchi hiyo. Wanunuzi wa Ulaya na Amerika waliweza kutuma mchoro wao na kuletewa fremu kwa sehemu ndogo ya bei ya Marekani, baadhi yao wakipata kazi nzuri na wengine mishono isiyokingwa vizuri. Huko Uingereza, Brompton walioitumia titaniamu kwa uma na sehemu ya nyuma ya baiskeli zao za kukunjwa tangu mwaka 2005, walitoa mwaka 2022 baiskeli ya T Line yenye fremu nzima ya titaniamu, iliyochomelewa Sheffield, mji ulioishi kwa chuma.

Anayenunua fremu iliyotumika anapaswa kwanza kuiosha, kisha kuikagua mishono yake mmoja mmoja chini ya mwanga mkali, hasa panapokutana mabomba karibu na ekseli ya pedeli na chini ya siti. Ahakikishe pia kwamba nguzo ya siti inatoka, kwa kuwa nguzo ya aluminiamu ikikaa miaka ndani ya titaniamu pamoja na maji ya chumvi huliwa na kuganda humo isitoke tena, na grisi maalumu ya kuzuia mgando huo ni ya bei ndogo mno kulinganisha na hasara yake. Aulize aina ya aloi na jina la karakana kabla ya kuuliza uzito. Akiona buluu kwenye mshono, asinunue.