Mlango wa Chumba cha Upasuaji

Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani mwa Andrew Taylor Still, tabibu wa Kansas huko Marekani, ikamwulia watoto watatu. Madaktari waliitwa, dawa zikanyweshwa, na makaburi yakachimbwa vivyo hivyo. Tusimcheke Still kwa kuzichukia dawa: zama hizo hata zebaki, ambayo ni sumu, ilihesabiwa kuwa tiba njema. Baada ya miaka kumi alitangaza elimu yake mpya, ostiopathi, iliyofundisha kwamba mifupa na viungo vikikaa mahali pake, damu hupita sawasawa na mwili hujiponya wenyewe. Mwaka 1892 akafungua chuo mjini Kirksville, Missouri, na miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza walikuwamo wanawake.

Msomaji asidhani kuwa watu hao walibaki wakandaji tu. Kisu cha mpasuaji hawakukikataa, na baadaye vyuo vyao vilizikubali dawa pia, hata masomo yao yakakaribiana sana na ya madaktari wengine. Lakini chama kikuu cha madaktari wa Marekani kiliwahesabu kuwa wafuasi wa imani potofu, kikawakataza watu wake kushirikiana nao. Hapo ndipo ilipokuwa taabu. Upasuaji haufunzwi kwa kitabu peke yake. Kijana aliyehitimu hana budi kuwa mwanagenzi kwa miaka kadha wa kadha, akisimama kando ya bingwa na kushika kisu mbele ya macho yake. Hospitali kubwa zikimfungia mlango, ajifunze wapi? Basi walijijengea hospitali zao, nyingi zikiwa ndogo, wakafundishana wenyewe kwa wenyewe. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi halikuwataka kuwa maofisa wa udaktari. Wakabaki nyumbani, na wagonjwa wa madaktari waliokwenda vitani wakawajia wao. Naam, dharau ile iliwaletea kazi.

Kisa cha California, mwaka 1962, ni cha ajabu zaidi. Huko watu wapatao 2,000 wa ostiopathi walipewa shahada ya udaktari wa kawaida kwa ada ya dola 65, pasipo kurudi chuoni kwa miaka mingine. Nauliza: ikiwa jana mikono ile haikufaa kumgusa mgonjwa, ni dola gani hizo zilizoitakasa?

Mwaka 1966 jeshi liliwakubali, na mwaka 1969 chama kile kikaridhia waingie katika uanagenzi wa hospitali zake. Mapatano ya mwaka 2014 yaliunganisha mafunzo ya pande zote mbili, na kazi hiyo ikatimia mwaka 2020. Baadhi ya hospitali ndogo, zilizokuwa kimbilio lao la kujifunzia upasuaji, hazikuyaweza masharti mapya, zikaacha kufundisha. Na katika upasuaji wa ubongo, au ule wa kurekebisha maumbile, nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na wa ostiopathi huchaguliwa kwa uchache kuliko wenzao. Kwa hiyo wengi wao walifanya mitihani ya pande zote mbili, ili alama ziwasemee. Lakini tangu mwaka 2022 sehemu ya kwanza ya mtihani wa wenzao haitoi alama, ila kufaulu au kushindwa. Mwombaji amebakiwa na sehemu ya pili, barua za mabingwa waliomfundisha, na majuma machache ya kufanya kazi mbele ya wapasuaji wale wale watakaomchagua.