Mbio Zilizoishia Bordeaux

Kila mwaka, katika mhadhara wa kwanza wa somo la dola na sera za umma, huwaonyesha wanafunzi wangu picha moja ya mwaka 1903. Yumo Marcel Renault, ameshika usukani wa gari lisilo na paa wala kioo cha mbele, na kando yake ameketi fundi wake. Maswali huwa yaleyale: gari lilikwenda kasi gani, injini ilikuwa ya ukubwa gani? Ni nadra sana kuulizwa habari za watu waliokuwa wamesimama kando ya barabara. Makala hii ni juu yao.

Ufaransa ya wakati ule ndiyo iliyoongoza duniani kwa uundaji wa magari. Karibu nusu ya magari yote ya mwaka huo yalitoka katika karakana zake. Mbio ndizo zilizokuwa tangazo la biashara. Miaka 2 kabla, katika mbio za kutoka Paris hadi Berlin, mtoto mmoja aligongwa akafa, na serikali ikatangaza kwamba haitatoa tena kibali. Tangazo hilo halikudumu. Wenye viwanda walikwenda kwa wakubwa na hoja za ajira na heshima ya taifa, na mapema mwaka 1903 serikali ya Émile Combes ikaridhia mbio za Paris hadi Madrid, takriban kilomita 1,300.

Hapa huwaomba wanafunzi watue kalamu. Tangu mwaka 1899 sheria ya Ufaransa ilimkataza mwenye gari kuzidi kilomita 30 kwa saa nje ya mji, na 20 ndani ya mji. Dola iliyomwadhibu raia kwa kuvuka kiwango hicho ndiyo iliyowaruhusu washindani zaidi ya 200 kukipita mara tatu au nne, katika barabara zilezile, siku ya Jumapili.

Kanuni za mashindano nazo zilikuwepo. Gari kubwa halikutakiwa kuzidi kilo 1,000. Watengenezaji waliitii kanuni hiyo kwenye mizani tu: walifunga injini kubwa zaidi, kisha wakapunguza uzito wa fremu na kila kilichoweza kupunguzwa. Mtumishi wa umma anayesoma haya bila shaka amekwishakutana na utii wa namna hiyo.

Magari yaliondoka Versailles alfajiri ya tarehe 24 Mei, moja baada ya jingine. Makadirio ya siku zile yanataja watazamaji milioni 2 au zaidi. Barabara ilikuwa kavu, na kila gari liliacha vumbi zito lililomfumba macho aliyefuata. Watu walijaa hadi katikati ya njia, wakaachana pale tu gari lilipowafikia. Hawakujua kilomita 100 kwa saa ni kitu gani; kipimo chao cha kasi kilikuwa farasi.

Karibu na Couhé-Vérac, Marcel Renault alitoka nje ya barabara akijaribu kulipita gari jingine ndani ya vumbi. Alifariki siku 2 baadaye, akiwa na umri wa miaka 31. Lorraine Barrow alimgonga mbwa, kisha akauvaa mti. Fundi wake, Pierre Rodez, akafa. Huko Angoulême mtoto alikatiza njia, askari akakimbia kumwokoa. Gari likayumba, likaingia katika umati, na askari yule akawa miongoni mwa waliouawa. Kwa jumla walikufa watu wasiopungua 8.

Fernand Gabriel, katika gari la Mors, alifika Bordeaux kwa wastani wa kilomita 105 kwa saa. Hakuna aliyekwenda mbele zaidi. Serikali ilisimamisha mbio, na Hispania nayo ikakataa zisiendelee katika ardhi yake. Magari hayakuruhusiwa hata kuwashwa: yalivutwa na farasi hadi stesheni, yakarudishwa Paris kwa treni.

Wapo wanaousimulia uamuzi huo kama mfano wa serikali makini. Siafiki. Lawama zilielekezwa kwa vumbi, kwa kasi, na kwa umati usiojua kukaa kando. Kibali hakikutajwa kwa sauti hiyo, ingawa waliokitoa walikuwa na habari za mtoto wa mwaka 1901. Na kwamba ingewezekana kufanya vinginevyo kulionekana chini ya wiki 6 baadaye, katika mbio za Kombe la Gordon Bennett huko Ireland. Bunge la Uingereza lilitunga sheria mahususi, barabara zikafungwa, askari polisi kwa maelfu wakapangwa njiani. Camille Jenatzy alishinda kwa gari la Mercedes, na hakuna aliyeuawa.

Sisi wa Afrika Mashariki tusiisome habari hii kama ya wengine. Mei 1953, miaka 50 baadaye, yalianza mashindano ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Kwa miongo kadhaa yaliendeshwa katika barabara zilizokuwa wazi, ambamo mshindani alikutana na basi la abiria, ng'ombe, na watoto waendao shule.

Babu wa mwanafunzi wangu mmoja alichunga mbuzi kando ya njia hizo. Alimsimulia mjukuu wake kwamba hakuna aliyewatangazia siku wala saa. Walitazama vumbi, walipoliona likipanda upande wa pili wa bonde, waliswaga mbuzi wao upesi waondoke barabarani.