Msichana Aliyepokea Msaada: Audrey Hepburn na Kongo



Hapa Katindo neno «msaada» tunalijua tangu utotoni. Volkano ya Nyiragongo ilipoteketeza sehemu kubwa ya Goma mnamo Januari 2002, na kila mara vita vilipowaleta wakimbizi mjini, wengi wetu tulipanga foleni ya unga na maharagwe, au tuliwapokea ndugu waliotoka kuipanga. Foleni hiyo huacha alama moyoni. Mtu aweza kuanza kujiona kuwa yeye ni wa kupokea tu, maisha yake yote. Ndiyo maana tumeona vema tutafakari pamoja historia ya mwanamke mmoja wa sinema.

Audrey Hepburn alizaliwa Ixelles, mjini Bruxelles, tarehe 4 Mei 1929. Mama yake alikuwa Mholanzi wa ukoo wa kikabaila, na baba yake raia wa Uingereza aliyeiacha familia mapema. Vita Kuu ya Pili ilimkuta Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hiyo walizuia chakula, na maelfu ya watu wakafa kwa njaa. Audrey, msichana wa miaka 15, alikonda, akapungukiwa damu, akavimba miguu. Vita vilipokwisha, shirika la UNRRA, lililoitangulia UNICEF, lilileta chakula, dawa na nguo. Naye alikuwa miongoni mwa watoto waliopokea.

Alitamani kuwa mchezaji wa baleti, lakini huko London aliambiwa kwamba hatafika kileleni. Akageukia uigizaji. Mwaka 1953 filamu ya Kimarekani Roman Holiday ilimpa umaarufu, na mwaka uliofuata alitunukiwa Oscar.

Mwanzoni mwa 1958, miaka miwili na kitu kabla ya uhuru wetu, alifika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Kampuni ya Warner Bros., chini ya mwongozaji Fred Zinnemann, ilikuwa ikitengeneza filamu The Nun's Story. Hadithi ilitoka katika kitabu cha Kathryn Hulme cha mwaka 1956, kilichotokana na maisha ya Marie Louise Habets, Mbelgiji aliyekuwa mtawa na muuguzi, akahudumu Kongo, kisha akaacha utawa mwaka 1944. Ili kujiandaa, Audrey alikaa siku kadhaa katika nyumba ya watawa nchini Ufaransa. Sehemu nyingine ya filamu ilipigwa Yakusu, kando ya mto, palipokuwa na kituo cha kuwatunza wakoma.

Katika filamu hiyo, Sista Luke anakuja Kongo akiwa na shauku ya kuwauguza Waafrika. Alipofika, wakubwa wake wanampangia hospitali ya Wazungu. Hapo filamu inasema kweli kuhusu ukoloni: hata wagonjwa walitengwa kwa rangi. Lakini filamu yenyewe haikuepuka kasoro ya wakati wake. Kalulu na Illunga, Wakongo wenye nafasi kubwa kidogo katika hadithi, waliigizwa na Orlando Martins wa Nijeria na Errol John wa Trinidad. Wenyeji wa Stanleyville tunawaona katika umati tu. Nchi ni yetu, hadithi ni ya wengine.

Filamu ilitoka 1959, ikapendekezwa kwa tuzo 8 za Oscar, isipate hata moja. Kamera zilikuwa zimekwisha kuondoka, na vazi la mtawa likarudi kabatini.

Hata hivyo, alichokiigiza kwetu, Audrey alikuja kukifanya kweli. Mnamo Machi 1988, akiwa na umri wa miaka 58, alikwenda Ethiopia kwa niaba ya UNICEF kuwaona watoto waliokumbwa na njaa. Mwaka 1989 alifika Sudan. Aliporudi kutoka safari hizo, alizungumza na waandishi wa habari na wabunge, akiomba fedha kwa ajili ya watoto aliowapakata. Septemba 1992 alikwenda Somalia, nchi iliyosambaratishwa na vita na njaa. Miezi michache baadaye, tarehe 20 Januari 1993, alifariki kwa saratani nyumbani kwake Uswisi.

Wahenga walinena: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Audrey hakuwaendea watoto wale kama tajiri anayetupa sarafu dirishani. Alieleza mara nyingi kwamba alijua thamani ya UNICEF kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto aliyesaidiwa baada ya vita. Njaa ya mwaka 1945, ambayo angeweza kuificha kama aibu, ndiyo iliyompa haki ya kusema.

Vijana wenzetu, hatuna kamera wala umaarufu, wala hatuhitaji kungoja miaka 30. Tunayo kumbukumbu ya foleni. Anayejua jinsi jua linavyochoma pale hatamsukuma mama mwenye mtoto mgongoni, hataiba sehemu ya mjane anapopewa daftari la majina, wala hatamdharau mgeni aliyefika jana kutoka Masisi au Rutshuru. Tulipokea. Basi tunajua namna ya kutoa.