Heshima ya Unga Mweupe

Mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma, nilipewa kazi ya kuongoza kikundi cha watu wazima katika kampeni ya "Chakula ni Uhai". Utaratibu ulikuwa ule ule wa "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973: tulikusanyika, tukasikiliza redio, tukasoma kijitabu, kisha tukajadiliana. Jioni moja nilieleza kwa bidii kwamba unga wa dona una manufaa kuliko sembe. Bibi mmoja akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, na nyumbani kwako mnasonga unga upi?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikageuza mazungumzo, kwa maana debe langu la unga lilikuwa jeupe pe.

Ndugu msomaji, swali lile limenifuata kwa miaka mingi.

Wazee wetu walikula uwele na mtama, nafaka zenye asili ya Afrika hii hii. Mahindi ni mgeni. Asili yake ni bara la Amerika, na Wareno walikuwa miongoni mwa walioyaleta huku katika karne ya 16. Yalipokelewa kwa sababu za maana: punje zake zimefunikwa vema, na ndege hawazishambulii kama wanavyoshambulia mtama. Hata hivyo, kuyakoboa kwa kinu kulikuwa kazi ya jasho. Kwetu, unga mweupe uliwekwa kwa ajili ya mgeni na sikukuu. Mashine zilipofika, kilichokuwa cha sikukuu kikawa cha kila siku.

Kulikuwa na jambo jingine. Dona lilikuwa chakula cha bweni, cha jeshi na cha jela. Chuoni tulilila na maharage kila siku ya Mungu, tukaapa kwamba tukipata mshahara hatutaligusa tena. Hivyo sembe haikuwa chakula tu, bali cheti cha kwamba mtu ameendelea.

Laiti ningalikumbuka niliyoyasoma juu ya Christiaan Eijkman, daktari wa Kiholanzi aliyefanya kazi kisiwani Java. Katika miaka ya 1890 aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu, kama walivyolegea wagonjwa wa beriberi. Walipopewa mchele usiokobolewa, walipona. Tiba ilikuwa katika pumba zilizotupwa, ndimo ilimokuwa vitamini B1. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel. Sisi nasi tulipeleka pumba kwa kuku na nguruwe, tukabaki na wanga mtupu.

Mwaka 2011, muda mfupi baada ya kustaafu, niliambiwa nina kisukari. Sidai kwamba sembe peke yake ndiyo iliyonifikisha hapo. Nilikula mengi, nikaketi sana, nikanywa chai yenye sukari nyingi. Lakini daktari aliponishauri nipunguze vyakula vya wanga vilivyokobolewa, nile dona, mtama, maharage na mboga za majani, nilitambua maneno yangu mwenyewe ya mwaka 1975.

Hapana budi kusema ukweli wote. Dona nalo ni wanga; ukijaza sinia, sukari itapanda tu. Nusu ya sahani yangu sasa ni mboga, robo ni maharage au samaki, na robo iliyobaki ndiyo ugali. Tena dona lataka mahindi makavu na safi, kwa kuwa sumukuvu hukaa zaidi katika sehemu zile zinazoondolewa kwa kukoboa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Dona halikai muda mrefu pia, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha. Saga kidogo, ule mapema.

Bibi yule alikwisha fariki. Angalikuwapo, ningalimwendea nikamjibu: "Ni dona, Bibi, lakini nimelianza nikiwa na miaka zaidi ya 60." Kwa hakika hatukukosa elimu, redio ilisema, na mimi nilisema. Tulichokosa ni mwalimu wa kuanza na chungu chake mwenyewe.